Jina la Kahawa na Punje ya Teff

Mwezi Juni mwaka 2007, serikali ya Ethiopia na kampuni ya Starbucks ya Marekani zilitia sahihi mkataba juu ya maneno matatu: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Hakuna risasi iliyolia kabla ya mkataba huo, wala hakuna mpaka uliosogezwa hata kwa hatua moja. Maneno yenyewe ni majina ya mahali, na Mwethiopia aliyekwenda shule anaweza kuyaonyesha kwenye ramani. Hata hivyo ilihitajika zaidi ya miaka miwili ya kuandikiana barua, ya kubishana mbele ya maofisa wa serikali ya Marekani, na ya kelele za wananchi wa nchi nyingi, kabla kampuni hiyo haijakubali kwamba Ethiopia ndiyo mwenye majina yake yenyewe.

Wanajeshi na polisi kazi yao ni kulinda vitu vinavyoonekana: mpaka, daraja, ghala, maisha ya watu. Huenda basi wakajiuliza neno hulindwaje, na linaibwaje. Lakini kwa hakika askari ana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko raia. Sare ni kitambaa. Fundi cherehani yeyote sokoni anaweza kushona suruali na shati la rangi ile ile, na pengine akashona vizuri zaidi. Kinachoipa sare uzito wake ni alama zilizo juu yake. Dereva akiziona alama hizo barabarani husimamisha gari bila kuuliza, kwa kuwa anaamini kwamba nyuma yake liko jeshi zima lenye sheria, nidhamu na wakubwa wa kushtakiwa iwapo mambo yataharibika. Ndiyo maana sheria humwadhibu raia anayevaa sare asiyostahili hata kama kitambaa kimenunuliwa kwa fedha yake halali.

Alama ya biashara hufanya kazi iyo hiyo sokoni. Ni jina au picha inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Haiwi mali ya mtu kwa sababu tu ni nzuri, bali kwa sababu humtofautisha yeye na wengine, na kwa sababu imeandikwa katika daftari la msajili. Mnunuzi wa mjini Seattle hajawahi kumwona mkulima wa Yirgacheffe, wala hatamwona. Anacholijua ni jina, na kwa ajili ya jina hilo yu tayari kulipa zaidi ya anavyolipia kahawa isiyo na jina.

Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kutoka huko ilivuka Bahari ya Shamu mpaka Yemeni, na kutoka Yemeni ikaenea ulimwenguni. Kwa miongo mingi zao hili ndilo lililoongoza katika kuipatia Ethiopia fedha za kigeni. Lilifanya hivyo zama za Mfalme Haile Selassie, likafanya hivyo chini ya serikali ya kijeshi iliyotwaa madaraka mwaka 1974, na likaendelea baada ya serikali hiyo kuanguka mwaka 1991. Tawala zilipokezana. Mkulima yeye alibaki na shamba lake dogo nyuma ya nyumba, na bei yake iliendelea kupangwa New York.

Kahawa zote za Ethiopia hazifanani, na wanunuzi walilijua hilo tangu zamani. Ya Harar, upande wa mashariki, hukaushwa juani ikiwa ndani ya ganda lake, na ladha yake huwakumbusha wanywaji matunda. Ya Yirgacheffe, kusini, husifiwa kwa harufu inayofanana na ya maua. Wachomaji kahawa wa Ulaya, Marekani na Japani waliyaandika majina hayo kwenye mifuko yao kwa sababu yalivuta wateja. Ila fedha iliyoletwa na jina haikurudi mahali jina lilikotoka. Kwa hesabu zilizotangazwa na shirika la Oxfam wakati wa mgogoro huo, ratili moja ya kahawa kama hizo iliweza kufika dola 26 madukani Marekani, ilhali wakulima wa Ethiopia walipata kati ya senti 60 na dola 1 na senti 10. Haki yataka isemwe kwamba kahawa hupungua uzito ikichomwa, na kwamba katikati pana usafirishaji, kodi za maduka na mishahara ya wauzaji. Mtu atoe gharama zote hizo. Bado pengo litakalosalia si dogo.

Mwaka 2003 Ethiopia iliunda Ofisi ya Mali ya Ubunifu, yaani ofisi ya kusimamia haki za wavumbuzi, watungaji na wenye alama za biashara. Mwaka uliofuata ofisi hiyo, chini ya mkurugenzi wake Getachew Mengistie, ilianza kushauriana na vyama vya ushirika vya wakulima, wasafirishaji wa kahawa nchi za nje, na washauri wa shirika la Light Years IP la mjini Washington. Swali lilikuwa moja: jina la kahawa lishikwe kwa mkono gani?

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi uliotofautisha kisa hiki na vingine vingi. Njia iliyozoeleka Ulaya kwa bidhaa za mashamba ni kusajili jina kama alama ya asili ya mahali. Wafaransa hufanya hivyo kwa divai, na ofisi yao maalumu hukagua kama divai imetoka kweli katika bonde linalotajwa. Njia hiyo ina heshima yake, lakini ina gharama: mwenye alama hana budi kukagua na kuthibitisha kila mzigo. Kahawa ya Ethiopia hulimwa katika mamilioni ya vishamba vidogo, na wakulima wengi huibeba kwa miguu au kwa punda mpaka kwenye kituo cha ununuzi. Kuweka mkaguzi kila penye kichaka cha mbuni kungeigharimu nchi fedha isiyokuwa nayo, na gharama hiyo mwisho wake ingemwangukia mkulima yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Ethiopia ikachagua alama ya biashara ya kawaida, iliyo mali ya serikali kwa niaba ya wakulima. Ilikusudia kutoa leseni kwa makampuni ya nje bila malipo, kwa sharti kwamba yakiri jina ni la nani na yalitangaze. Kutoza ada kungewafukuza wanunuzi. Faida ilitazamiwa kuja polepole, kwa jina kuwa na nguvu na bei kupanda.

Mwezi Machi mwaka 2005 maombi yalipelekwa katika ofisi ya Marekani ya hataza na alama za biashara. Hapo likatokea jambo ambalo kila polisi aliyewahi kukaa zamu kwenye kaunta ya kituo atalitambua. Kitabu cha matukio hakijali nani ana haki zaidi. Huandika nani amefika, saa ngapi, na kwa namba gani. Daftari la msajili wa alama hufuata desturi iyo hiyo. Ethiopia ilipofika na jina la Sidamo ilikuta mbele yake pana mtu mwingine kwenye mstari. Mwaka 2004 kampuni ya Starbucks ilikuwa imekwisha kuomba kusajili jina refu la kahawa yake, Shirkina Sun-Dried Sidamo, ambalo ndani yake lilikuwamo neno Sidamo. Ombi la nchi yenye Sidamo likalazimika kungoja nyuma ya ombi la mteja wake.

Kikwazo cha pili kilitoka kwa chama cha taifa cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani, ambacho Starbucks ilikuwa mwanachama wake. Chama hicho kilidai kwamba majina hayo yamekwisha kuwa maneno ya kawaida yanayoeleza aina ya kahawa, na neno la kawaida haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja. Kanuni yenyewe si mbaya. Muuza sabuni hawezi kusajili neno sabuni na kuwanyang'anya wauza sabuni wenzake lugha. Lakini itazamwe jinsi kanuni hiyo ilivyotumika hapa: majina yalikuwa yametumiwa na wengine kwa miaka mingi bila mwenyewe kusema neno, kisha kule kutumiwa kukageuzwa kuwa ushahidi kwamba hayana mwenyewe. Harar ilikataliwa mwaka 2005, na Sidamo mwezi Agosti mwaka 2006. Yirgacheffe peke yake ndiyo iliyopita mwaka huo. Ethiopia haikurudi nyumbani kulalamika. Ilikusanya ushahidi kwamba mnywaji wa kahawa akisoma majina hayo huifikiria Ethiopia, ikaupeleka.

Wapo waliocheka wakati ule kwamba Ethiopia ilikuwa ikipigania alama zake Washington ilhali nyumbani haikuwa bado na sheria kamili ya alama za biashara. Na ni kweli. Sheria hiyo, tangazo namba 501, ilipitishwa mwaka 2006, zaidi ya mwaka mmoja baada ya maombi kupelekwa Marekani. Pengine ilikuwa heri mambo yakaenda hivyo, maana kama ofisi ingesubiri kila karatasi ya nyumbani ikamilike ndipo ivuke bahari, mstari wa Washington ungekuwa mrefu zaidi.

Katikati ya mwaka 2006 Starbucks iliondoa ombi lake la jina lenye Sidamo. Lakini haikukubali kuchukua leseni. Ilishikilia kwamba Ethiopia ingefuata njia ya alama ya asili ya mahali, na ikaeleza kwamba yenyewe huwalipa wauzaji wake bei iliyo juu ya bei ya soko. Mwezi Oktoba mwaka huo Oxfam ikalitoa shauri hilo hadharani, na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa ni wateja wenyewe wa kampuni hiyo, wakaandika barua na kupiga simu. Hapo ubishi wa wanasheria ukageuka kuwa jambo la sifa, na kampuni inayouza kikombe cha kahawa kwa bei kubwa kwa sababu ya sifa yake ilijua thamani ya kitu hicho. Ndipo ukaja mkataba wa Juni 2007. Mwezi Februari mwaka 2008 Sidamo ikasajiliwa Marekani, na Harar nayo ikafuata. Majina yalikuwa yamepelekwa pia Kanada, Ulaya na Japani. Japani chama cha wafanyabiashara wa kahawa kilizipinga alama hizo baada ya kusajiliwa, na shauri likafika mahakamani mjini Tokyo kabla Ethiopia haijapata nafuu mwaka 2010.

Je, mkulima alipata nini? Swali hili halina jibu la kupigiwa makofi. Bei za kahawa hizo zilipanda katika miaka iliyofuata, lakini bei ya kahawa duniani nayo ilikuwa ikipanda, na si rahisi kutenganisha lililoletwa na jina na lililoletwa na soko. Tena mwaka 2008 ulianza mnada wa taifa wa mazao mjini Addis Ababa, na kahawa karibu yote iliyotoka kwa wakulima wasio wanachama wa ushirika ikalazimika kupita humo. Mnada ulimsaidia mkulima kujua bei na kulipwa upesi. Lakini mizigo ilichanganywa kwa kanda na kwa daraja la ubora, na mnunuzi aliyetaka kujua kahawa imetoka kijiji gani hakuweza. Kwa mkono mmoja nchi ilikuwa ikilijenga jina la mahali, na kwa mkono wa pili ikiuchanganya mzigo. Utaratibu huo ulirekebishwa mwaka 2017. Jina lililosajiliwa ni kama beji mpya juu ya sare: halimfanyi askari kuwa hodari, na likivaliwa na mzembe huchakaa upesi.

Kenya nayo ilipitia jaribu lake wakati ule ule, na kwa haraka zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kusajili neno Kikoy kuwa alama yake. Kikoi ni vazi la pwani ambalo wavuvi, mabaharia na wazee wa Lamu na Mombasa wamelifunga kiunoni tangu enzi za babu zao, na wafumaji na wafanyabiashara wa Kenya walikuwa wakiliuza Uingereza kwa jina hilo hilo. Kama ombi lingekubaliwa, mwenye vikoi angeweza kuzuiwa kuviita vikoi katika soko la Uingereza. Sheria ya nchi hiyo wakati ule ilitoa miezi mitatu tu ya kuweka pingamizi tangu ombi kutangazwa, na tangazo lenyewe hutoka katika gazeti la msajili ambalo hakuna mfumaji anayelisoma. Shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza ndilo lililosaidia pingamizi kuwekwa kwa wakati. Mwaka 2008 ombi likaanguka. Jina la kikoi likabaki neno la kawaida, mali ya kila anayekiuza, na hivyo ndivyo ilivyostahili.

Mambo haya hayako mbali na kambi wala kota za polisi kama inavyodhaniwa. Katika kota nyingi pana mke wa koplo anayetengeneza achari, sabuni ya maji au unga wa lishe, akiuza kwanza kwa majirani, kisha kantini, kisha maduka ya mjini. Pana mstaafu aliyechukua kiinua mgongo chake akafungua kiwanda kidogo cha viatu. Jina lililoko kwenye chupa au kwenye kiatu ndilo linalowarudisha wateja, na aghalabu ndilo kitu cha mwisho mwenyewe kukifikiria. Akisajili Tanzania Bara, usajili wake hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huweza kuhuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Lakini haki hiyo haivuki mpaka yenyewe. Alama iliyosajiliwa Nairobi haimzuii mtu wa Arusha, na hata ile iliyosajiliwa Dar es Salaam haifiki Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar ina msajili wake. Walinzi wa mpaka wa Namanga wanajua ni bidhaa ngapi hupita hapo kila siku. Majina yaliyoandikwa juu ya bidhaa hizo hupita nazo, lakini ulinzi wa majina hubaki nyuma.

Yafaa pia isemwe, kwa sababu wengi huchanganya, kwamba wimbo au kitabu hakifuati njia ya jina. Hakimiliki humjia mtungaji mara tu kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa, bila kusajiliwa popote, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kinachompata mtungaji mahakamani ni kukosa ushahidi wa tarehe. Kwa askari wanamuziki kuna jambo la ziada. Bendi kama Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilitoa nyimbo zilizopendwa na nchi nzima. Kwa kawaida ya sheria, haki za kiuchumi za kazi iliyotungwa katika utumishi huwa za mwajiri, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Mpiga gitaa aliyetunga wimbo wake akiwa likizo nyumbani ana shauri tofauti na aliyeutunga kwa amri ya mkuu wa bendi. Ni vyema lijulikane hilo kabla wimbo haujapendwa. Ukisha kupendwa, kila mtu hukumbuka tofauti.

Upande wa polisi, ulinzi wa alama huja kama kazi ya kila siku. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008 na kuunda chombo maalumu cha kuisimamia. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani. Lakini ofisa anayeingia ghalani kukamata katoni za bandia atatakiwa kueleza kwamba ni bandia ya nini, na jibu la swali hilo huwa ni cheti cha msajili. Pasipo cheti, mwenye mali halisi na mwenye mali ya kuiga husimama mbele ya hakimu wakifanana. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ethiopia yenyewe ilijifunza hivyo kwa uchungu, na katika miaka ile ile iliyokuwa ikishinda katika kahawa. Safari hii shauri lilikuwa la chakula.

Teff ni nafaka ndogo mno. Punje zake ni kama vumbi kiganjani. Ndiyo inayotoa injera, chakula cha kila siku cha mamilioni ya Waethiopia na Waeritrea. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii ilianza kutafutwa Ulaya, kwa kuwa haina gluteni, kitu kilichomo katika ngano ambacho huwadhuru baadhi ya watu. Mwaka 2005 taasisi za Ethiopia za kuhifadhi viumbe na za utafiti wa kilimo zilitia sahihi mkataba na kampuni moja ya Uholanzi, Health and Performance Food International. Kampuni ingepata kutumia aina kadhaa za mbegu za teff. Ethiopia ingepata sehemu ya faida na ushirikiano katika utafiti. Mkataba huo ulisifiwa sana. Ulionekana kuwa mfano wa jinsi nchi maskini yenye mbegu na kampuni tajiri yenye viwanda zinavyoweza kugawana mapato kwa haki.

Kulikuwa na karatasi nyingine, lakini. Mwezi Julai mwaka 2004, yaani kabla mkataba haujatiwa sahihi, liliwekwa ombi la kimataifa la hataza juu ya unga wa teff. Hataza ni haki ya uvumbuzi: serikali humpa mvumbuzi miaka 20 ya kumiliki peke yake kitu kipya, naye hukieleza wazi ili watu wote wakipate baada ya hapo. Masharti yake ni makali. Kitu lazima kiwe kipya, na lazima kiwe na ubunifu ambao fundi wa kawaida wa kazi ile asingeufikia kwa urahisi. Hataza hiyo ilihusu unga unaosagwa baada ya nafaka kuachwa ikomae ghalani kwa muda tangu kuvunwa, pamoja na mikate na vyakula vingine vya unga huo. Mwaka 2007, mwaka ule ule wa mkataba wa kahawa, Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliikubali. Kutoka hapo, katika nchi za Ulaya ambako hataza hiyo ilikuwa na nguvu, Mwethiopia aliyetaka kuuza unga wa namna hiyo angeweza kushtakiwa.

Mwaka 2009 kampuni ilifilisika. Ethiopia ilikuwa imepata yuro 4,000 tu kutokana na mkataba wote. Mkataba ulikufa pamoja na kampuni iliyoutia sahihi, lakini hataza haikufa, kwa kuwa ilipita mikononi mwa makampuni mapya yaliyokuwa na uhusiano na wakuu wale wale. Makampuni hayo mapya hayakuwa yameahidi chochote kwa Ethiopia. Kosa, kama litafutwe, halikuwa katika ukarimu wa kutoa mbegu. Lilikuwa katika kutoa mbegu bila kuandika kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma kwamba ahadi itaifuata haki popote itakapokwenda, hata kama itauzwa, hata kama kampuni itavunjwa. Katika jeshi silaha ikihama mikono hati yake huhama nayo, na aliyeipokea hubeba dhamana ya aliyeikabidhi. Mkataba wa teff haukuwa na kifungo cha namna hiyo chenye meno.

Ethiopia ilitaka kuipinga hataza hiyo, lakini kesi za namna hiyo Ulaya hugharimu fedha nyingi, na hufunguliwa nchi moja baada ya nyingine. Mwishowe ukombozi ulitoka upande usiotazamiwa. Makampuni mawili ya Uholanzi yaligombana juu ya hataza hiyo, na tarehe 21 Novemba mwaka 2018 mahakama ya The Hague ikaamua kwamba hataza ya unga wa teff haina ubunifu unaotakiwa na sheria, kwa hiyo ni batili katika Uholanzi. Kuiacha nafaka ikae ghalani mpaka ifae kusagwa halikuwa jambo la kumpa mtu haki ya miaka 20. Akina mama wa Ethiopia wangeweza kulieleza hilo bila ada ya wakili, ila hawakuulizwa. Ethiopia haikuwa mdai katika kesi hiyo wala mdaiwa; iliupokea uamuzi mwanzoni mwa mwaka 2019 kama habari njema kutoka kwa jirani.

Uamuzi wa The Hague ulihusu Uholanzi peke yake. Katika nchi nyingine za Ulaya ambako hataza hiyo iliwahi kuandikwa, miaka 20 iliyohesabiwa tangu ombi la Julai 2004 ilitimia mwezi Julai mwaka 2024.